Ngoma Iliyokauka Siku ya Mvua

Mpelelezi Sangwa aligonga ngoma ya kwanza kwa kifundo cha kidole. Ikajibu kwa uvivu, kama gunia lililonyeshewa. Akagonga ya pili na ya tatu, akazimaliza zote zilizopangwa ukutani mwa ukumbi, na zote zikatoa sauti ileile ya kulowa. Mvua ya Novemba ilikuwa imeunyeshea mtaa wa Rwezamenyo, Nyamirambo, wiki nzima, na ngozi ya ng'ombe haina siri na mvua.

Kisha akavuka ukumbi, akaingia stoo alimofia kijana, akagonga ngoma ndogo iliyolala ubavu karibu na mlango, mbali na nyingine chache za humo.

Ngoma ikalia kali, sauti ikampanda hadi kwenye meno.

Aliigonga tena. Binadamu hasadiki mara moja.

"Hii imekaushwa," alisema.

Mtu aliyekuwa amesimama mlangoni alijikung'uta begani. Alikuwa Frederick, mwenyekiti wa Tamasha la Muziki wa Kale, mwanamume wa koti safi na viatu visivyojua tope, aliyekulia Uganda na kurudi na vyeti. Tamasha lilikuwa lifunguliwe Jumamosi. Kwa miezi mingi watoto wa mtaa walifundishwa hapa kupiga ngoma na inanga, ule ubao wa nyuzi ambao mababu waliuimbia mashujaa. Jana mchana Frederick alisukuma mlango huu wa stoo akawakuta wawili sakafuni. Arnaud, mpiga ngoma, alikuwa ameshakufa. Akimana, msichana wa inanga, alikuwa anapumua kwa taabu, na mpaka asubuhi hii alikuwa hajafumbua macho hospitalini.

Kati yao palikuwa na sahani ya sambusa. Sambusa zilitoka kwa Vestine, mjane anayekaanga kwenye kibanda cha nyuma ya ukumbi. Chini ya meza ya Vestine polisi waliokota pakiti ya sumu ya panya. Basi, kesi ikawa imeiva. Vestine alilala mahabusu, na jioni ya leo faili lake lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka. Mama wa namna ile akishapanda ngazi za mahakama, kushuka ni kazi.

"Bwana Mwenyekiti," Sangwa alisema, "ngoma hii ilikaushwa na nani?"

"Afande, mimi ni mtu wa utaratibu. Mambo ya ngoma muulize mwalimu."

"Jua halijatoka wiki nzima."

"Labda ngoma yenyewe ni mpya."

Sangwa aliigeuza. Katikati, ngozi ilikuwa imelika kwa fimbo za miaka. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama simu yake.

"Moto uliwashwa humu ndani?"

"Humu?" Frederick alicheka kidogo. "Soma mlango huo, afande. Moto marufuku. Tangazo nililibandika mwenyewe."

Lilikuwepo kweli, kwa herufi kubwa, limefunikwa na plastiki lisilowe. Kuna wakubwa ambao wakishabandika tangazo huona na kazi imeisha.

Sangwa akazunguka stoo taratibu. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo limepigiliwa mbao kwa ndani. Juu ya mbao kumebandikwa godoro la sponji, na kuta zote zimevikwa sponji hivyo hivyo, mpaka darini. Mtu angepiga kelele humu, sauti ingemezwa kama maji kwenye mchanga.

"Haya magodoro?"

"Majirani walilalamika kelele za mazoezi. Tukaonywa. Kamati ikakaa, ikaamua."

"Hewa inapita wapi?"

"Mlango si upo?"

Sangwa akauangalia mlango. Nje ulikuwa na komeo la chuma na kufuli zito linalong'aa.

"Jana ulikuwa umefungwa?"

"Ulirudishiwa tu. Niliusukuma kwa mkono."

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi. Na mwingine anao mwalimu Eustache." Frederick akashusha sauti. "Sipendi kusema vibaya juu ya mzee wa watu, afande. Lakini juzi aligombana na Arnaud mbele ya watoto wote. Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu."

Mtu akisema hasemi kitu, hapo ndipo anaposema. Sangwa alikuwa anatazama chini. Alikuwa ameona mkeka uliotandikwa katikati ya stoo, na mkeka huo ulikuwa safi kuliko vitu vyote vya humo. Akauinua kwa ncha. Sakafu ilikuwa nyekundu, imesuguliwa nta mpaka ikawa kioo. Isipokuwa pale katikati. Pale palikuwa na duara jeupe, upana wa sufuria, nta imeyeyuka na kukimbia pembeni.

"Na hii?"

"Jengo ni la zamani," Frederick alisema. "Lina alama nyingi."

Simu ya Sangwa ikatetemeka. Ilikuwa sauti ya mkuu wake.

"Sangwa, unafukua nini huko? Mama ana sumu, watoto wamekula, mmoja amekufa. Unataka nini tena?"

"Nangoja daktari, mkuu."

"Daktari hafungi faili. Jioni nalitaka mezani. Na huyo mwenyekiti usimsumbue, ni mtu anayejulikana."

"Anajulikana kwa nini, mkuu?"

Simu ilikatwa.

*

Daktari Natacha alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kurudia neno. Alimshushia shuka Arnaud mpaka kifuani, akaunyanyua mkono wa maiti.

"Angalia kucha."

Sangwa aliinama. Alikuwa ameona maiti wengi katika kazi yake, na wote kucha zao zilikuwa na rangi ya jivu au ya buluu. Za kijana huyu zilikuwa nyekundu. Midomo yake pia. Kama siyo ubaridi ule, ungesema amelala baada ya kukimbia.

Alirudi nyuma hatua moja bila kujua kwamba amerudi.

"Sumu ya panya inafanya hivi?"

"Haifanyi."

"Ni nini basi?"

"Damu imekwenda kupimwa. Kabla ya kipimo mimi sina mdomo." Akamfunika tena. "Lakini jana uliniuliza kuhusu sambusa. Tumboni hamkuwa na kitu. Mtoto huyu amekufa na njaa yake."

Sangwa aliirudia ile sahani akilini. Sambusa za kwenye sahani zilikuwa zimemegwa. Mtu alizimega, na hakuwa Arnaud.

"Na msichana?"

Akimana alikuwa chumba cha juu, amevishwa barakoa ya hewa, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu anayebeba mzigo. Daktari aliuvuta mkono wa kulia kutoka chini ya blanketi. Kiganja kilikuwa kimevimba chote, na ngozi imevilia damu.

"Alianguka?"

"Anayeanguka huumia kifundo, au kiwiko. Hiki ni kiganja peke yake. Alikipigisha juu ya kitu, tena na tena."

"Anapiga inanga."

"Mimi sijui muziki, afande."

Sangwa alijua kidogo. Inanga huchezwa kwa ncha za vidole, kiganja hakihusiki. Akazichunguza ncha za vidole vya Akimana moja baada ya nyingine. Zilikuwa na sugu za nyuzi, lakini hazikuwa na jeraha jipya. Kitu kingine alichokiona, vidole havikuwa na hata dalili ya mafuta ya sambusa. Vilikuwa na weusi chini ya kucha.

Alinusa. Makaa.

*

Mahabusu, Vestine alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi kama mgeni anayengoja kuitwa mezani. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Umelala, mama?"

"Nitalala namna gani? Kuna panya amepita hapa usiku, mukubwa kama paka. Nikasema, ona, na polisi bo wako na panya. Mbona babo hawafungwe?"

Sangwa alitaka kucheka, akajizuia. "Kwa hiyo sumu ni ya panya."

"Afande, mimi nakaanga chakula. Nisipoweka dawa, panya watakula unga mbele yangu. Iko na kibanda gani Nyamirambo yote haina dawa ya panya?"

"Arnaud alinunua sambusa jana?"

"Hapana. Alisema atakula mazoezi yakiisha. Na Akimana ndiyo hapana kabisa, ule mutoto hashike mafuta kama atapiga inanga. Anasema mafuta yanaua uzi. Namuwekeaga ndizi ya kuchoma."

"Sambusa za kwenye sahani zilitoka wapi?"

"Zile aliagiza mwenyekiti, za wageni wake. Nilizipeleka mezani kwa ukumbi. Ile sahani ya maua ni ya kwao. Mimi sina sahani, mimi nafungia watu kwa karatasi."

Sangwa akavuta kiti, akakaa karibu. "Mama Vestine, nisikilize vizuri. Jana kuna mtu alichukua moto kwako?"

Alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Ndiyo. Arnaud. Alikuja mbio, anasema, mama, mwenyekiti anataka ngoma zikauke, wageni wanafika, naomba imbabura."

"Jiko la mkaa."

"Ile ya chuma. Nilimupa. Mpaka leo hawajairudisha, afande. Mukiiona munirudishie, si ya udongo ile. Niliinunua mume wangu akiwa hai."

"Kwa nini hukusema haya jana?"

"Nani aliniuliza? Mukubwa wenu aliniuliza mambo ya sumu. Nikamujibu mambo ya sumu."

*

Mwalimu Eustache alikuwa barazani mwa ukumbi, akivua vitambaa vyeupe vya mapambo kimoja kimoja na kuvikunja. Hakuna aliyemwambia avivue. Shallon, binti wa matangazo wa tamasha, alikuwa amekaa kwenye ngazi, macho yamevimba, simu mkononi kama jiwe.

"Mzee Eustache, ufunguo wako wa stoo uko wapi?"

Mzee alivuta kamba iliyokuwa shingoni, ufunguo ukatoka ndani ya shati. "Hautoki hapa hata nikioga, pardon."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Muhima, kwa fundi, kuchukua mavazi ya watoto. Mwenyekiti alinituma asubuhi. Nilirudi nikakuta gari la wagonjwa." Akaendelea kukunja. "Fundi atakuambia. Nilimkalia kichwani mpaka akamaliza."

"Uligombana na Arnaud."

"Niligombana naye kwa sababu alipiga ngoma huku anatafuna bazoka. Nilimwambia, kijana, ng'ombe alitoa ngozi yake, na wewe unamtafunia. Ukisema nimuue kwa hilo, afande, basi Nyamirambo ingebaki na mapikipiki matupu."

Akachukua kitambaa kingine. Sangwa akamshikia ncha ya pili.

"Mnakaushaje ngoma siku za mvua?"

"Kwa moto. Unaiweka mbali kidogo na moto, unaizungusha, ngozi inajivuta. Lakini nje. Hapa barazani, siku zote. Tangu babu yangu sijasikia mtu akiingiza moto ndani ya nyumba ya ngoma."

"Na jana kwa nini si hapa?"

Eustache aliinua kitambaa cheupe alichokuwa nacho mkononi.

"Mwenyekiti alisema moshi utavichafua hivi," alijibu taratibu. "Alisema ngoma zingoje. Mimi nikaondoka nikijua zitangoja."

Hapo Shallon akasema bila kuinua kichwa, "Afande, jana nilimrekodi mwenyekiti. Kwa ajili ya tangazo. Ilikuwa kabla ya... kabla ya kuwakuta."

"Mlikuwa wapi?"

"Ukumbini. Wageni walikuwa wanakunywa chai, yeye akasimama mbele ya zile ngoma akazungumza. Sijaweza kuifungua tena."

"Ifungue."

Sauti ya Frederick ikatoka kwenye simu, safi, ya kujiamini, ikieleza jinsi kamati ilivyowaokoa vijana kutoka barabarani na kuwarudishia urithi wao. Wakubwa wanapenda sana neno kuokoa. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vikombe, na nyuma ya vikombe kulikuwa na kitu kingine, kizito, kinatoka mbali.

Du. Du. Du.

"Ongeza sauti," Sangwa alisema.

Eustache aliacha kukunja kitambaa.

"Huyo ni Arnaud," Shallon alisema. "Alikuwa stoo na ngoma."

"Siyo Arnaud." Mzee aliinama mpaka sikio likakaribia simu. "Arnaud nimemshika mikono yote miwili tangu hajafika kiunoni kwangu. Huyu hana fimbo. Anapiga kwa kiganja. Na mkono ni mmoja." Alisikiliza tena. "Hili si pigo letu lolote. Huyu hajui ngoma, afande. Anagonga tu."

Sangwa alikumbuka kiganja kilichovimba juu ya blanketi.

Msichana wa inanga. Arnaud alikuwa ameshaanguka, na yeye miguu haimbebi tena, sauti inamezwa na magodoro. Alitambaa mpaka kwenye ngoma iliyokuwa karibu na mlango, ile iliyokauka vizuri kuliko zote, akaipiga kama mtu anavyopiga mlango.

Du. Du.

Mapigo yakaanza kuachana. Kati ya moja na jingine, sauti ya mwenyekiti ikapata nafasi ya kumaliza sentensi nzima. Kisha mgeni mmoja akauliza kitu kisichosikika vizuri, na Frederick akacheka.

"Mnawasikia?" ilisema simu. "Hao ndio vijana wetu. Hawachoki."

Du.

Baada ya hapo yakabaki makofi ya wageni na vikombe.

Shallon aliiweka simu kwenye ngazi, akasogea mbali nayo kama inauma. "Nilikuwa pale," alisema. "Afande, na mimi nilipiga makofi."

Eustache alikuwa amekaa chini, juu ya vitambaa vyeupe, na udongo wa viatu vyake ulikuwa unavichafua. Hakujali.

*

Sangwa hakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alizunguka nyuma ya ukumbi, akapita kibanda cha Vestine kilichofungwa, akatafuta pale ambapo mtu mwenye haraka na viatu safi angeweza kutupa kitu bila kukanyaga tope. Ilikuwa njia moja tu, ya saruji, na iliishia kwenye tangi la maji. Nyuma ya tangi akaikuta imbabura ya chuma.

Ilikuwa imeoshwa. Si kumwagwa majivu, imeoshwa kwa sabuni, na tayari ilikuwa inaanza kuota kutu ya rangi ya chungwa.

Sangwa aliichuchumalia akaitazama. Mama yake kule Karagwe, ng'ambo ya mpaka, alipikia jiko la mkaa maisha yake yote, na hakuwahi kuliosha hata siku moja. Jiko hukung'utwa, likangoja moto wa kesho. Katika nyumba zote za Rwezamenyo hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, ambaye angeosha imbabura. Labda mtu ambaye hajawahi kupika. Mtu anayeona moto kwenye chakula tu, ukiwa umeshaiva.

Aliibeba mpaka ukumbini, akaiweka juu ya meza ya kamati. Frederick alikuwa amekaa peke yake, anaandika salamu za rambirambi kwenye kompyuta. Aliiona, akasimama, akakaa.

"Sijui hiyo imetoka wapi."

"Mimi sijakuuliza bado."

Simu ya Sangwa ikalia. Daktari Natacha. Hakusalimia.

"Kipimo kimetoka. Ni gesi ya makaa. Waliivuta wote wawili, ndani ya chumba kisichopumua."

"Msichana?"

"Amefumbua macho mara moja, akayafumba. Usiniulize zaidi."

Sangwa akairudisha simu mfukoni. Akatoa ile aliyoichukua kwa Shallon, akaiweka karibu na imbabura, akaifungulia. Sauti ya mwenyekiti ikajaa ukumbini, ikawaokoa vijana kutoka barabarani. Frederick alianza kusikiliza kwa uso wa mtu anayejipenda. Kisha akasikia kile cha nyuma.

"Kiganja cha Akimana kimevimba chote," Sangwa alisema. "Nilikuwa najiuliza alikuwa anapiga nini."

Frederick aliifikia simu ili aizime. Sangwa akamshika mkono.

"Iache imalize."

Ikamaliza. Vijana wetu, hawachoki. Makofi.

Uso wa mwenyekiti ulikuwa umebadilika rangi. Koti lake lilionekana limemzidi.

"Mlango haukuwa umerudishiwa," Sangwa alisema. "Mlango uliorudishiwa, mtoto anayetambaa anausukuma. Ulikuwa na kufuli."

"Niliwafungia kidogo tu."

Aliisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeeleza kwa nini alichelewa kazini.

"Kwa nini?"

"Wageni walikuwa wanakuja kukagua, afande. Ndio wanaotubeba. Vijana hawa ukiwaacha, huyu anakwenda kuangalia mpira, yule anazurura barazani na nguo chafu. Nikasema wakae na ngoma zao mpaka zikauke, niwatoe waje wapige. Dakika chache. Moto ulikuwa mdogo."

"Ukasahau."

"Sikusahau." Hilo lilimuumiza, kuitwa msahaulifu. "Nilikuwa nawasikiliza. Nilisikia ngoma, nikajua wapo, wanafanya mazoezi. Kama wangekuwa kimya ningeenda kuwatazama. Kweli, afande. Ningeenda."

Sangwa alikuwa amehoji wezi, wauaji, na baba aliyemchoma mtoto kisu, na hakukumbuka neno lililomkalia vibaya kama hili.

"Na ngoma ilipokoma?"

"Nilifikiri wamepumzika."

Mvua ilianza tena juu ya mabati.

"Ukafungua mlango ukawakuta," Sangwa aliendelea. "Ukalitoa jiko, ukaliosha. Ukatandika mkeka. Ukachukua sahani ya wageni wako, ukamega sambusa, ukaiweka kati ya mtoto aliyekufa na mtoto anayekufa. Ndipo ukaita gari la wagonjwa. Ndiyo mpangilio wenyewe?"

"Tamasha lingefutwa. Fikiria vijana wote wale, kazi yote ile. Nilifikiria vijana."

"Na Vestine?"

Frederick alifuta mdomo kwa kitambaa. "Nilikuwa nimtafutie wakili," alisema. "Wakili mzuri. Asingekaa sana ndani."

"Simama," Sangwa alimwambia. "Koti liache."

*

Mkuu wake alimpigia njiani. Safari hii Sangwa ndiye aliyezungumza, na mkuu ndiye aliyekaa kimya. Mwisho mkuu alisema, "Basi huyo mama aachiwe," kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Askari alifungua mlango wa mahabusu, akaufungua wote mpaka ukagota ukutani. Vestine alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akamwona Sangwa nyuma ya askari.

"Naenda nyumbani?"

"Unaenda, mama. Hukufanya kosa."

"Si nilibaambia." Akachukua viatu vyake chini ya benchi. "Ni nini basi iliua ule mutoto?"

Sangwa alitamani mtu mwingine angeulizwa swali lile. Mkuu wake, kwa mfano. Au kamati nzima, na wageni wao wa chai.

"Walifungiwa ndani na moto. Moshi wa makaa, hata ukiwa hauonekani, una sumu. Mwenyekiti aliweka kufuli."

Vestine alibaki ameshika kiatu kimoja.

"Moto gani?"

Sangwa alimwona akiufuata moto huo mwenyewe, polepole, kutoka kwenye kibanda chake, mikononi mwa kijana aliyekuja mbio, mpaka mlangoni mwa stoo.

"Alisema moto ni mudogo," Vestine alisema. "Arnaud. Alisema, mama, huu utazimika kabla ngoma hazijakauka. Nikamuongezea. Nilijaza, afande. Nilijaza mpaka juu, nikamuambia, nenda, ziimbe."

"Mama. Makaa hayafungi mlango."

"Nilijaza mpaka juu."

"Aliyefunga tunaye. Amekiri."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubaliana na habari za mji mwingine. Kisha akakiweka kiatu sakafuni, sambamba na mwenzake, akakaa tena kwenye benchi.

"Mama, uko huru," askari alimwambia. "Mlango uko wazi."

Vestine aliutazama mlango. Mikono yake, yenye makovu ya mafuta ya moto, ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Askari akamtazama Sangwa, amwambie la kufanya.

Sangwa akaingia ndani, akaketi kwenye benchi kando yake. Mlango wakauacha wazi.